Pasi Baridi na Kopo la Mifukoni

Kwenye karakana ile ya dobi hakukuwa na kitu kilichoheshimiwa kama kopo la mifukoni. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, limebanduliwa karatasi yake ya rangi, likakaa kwenye rafu juu ya ndoo za wanga. Kila kilichookotwa mfukoni mwa nguo kabla ya kufuliwa kilitumbukizwa humo: vitana, vifungo, funguo, risiti zilizokunjwa, siku nyingine pete ya mtu aliyekwisha sema nyumbani kwake kuwa imeibiwa. Saa ya chai msimamizi aliliteremsha, akalitikisa, na pasi zote zikasimamishwa wima. Alitoa kitu kimoja kimoja akakiinua juu na kuuliza, "Cha nani?"

Vya wateja viliwekwa kando. Lakini ovaroli za wafanyakazi nazo zilifuliwa humo humo kila mwisho wa juma, kwa hiyo vya kwao pia viliingia koponi. Mwenye chake alitakiwa kusimama mbele ya wote, aseme "changu", avumilie mzaha wake, akichukue. Asiyesimama alikosa, na kitu chake kilitupwa kwenye moto wa boila. Sheria hiyo haikuandikwa popote na hakuna aliyewahi kuivunja, maana ndiyo iliyokuwa sinema yao. Fundi wa boila, mtu mzima mwenye wajukuu, aliwahi kusimama kulidai jino lake la bandia, na mpaka leo akiagiza mkate mtu humuuliza kama amekuja na meno yote.

Mwanamke wa meza ya kola hakuwa amewahi kukutwa na kitu. Kola aliyoipiga yeye ilisimama yenyewe, na wateja wengine waliagiza shati lipitie mkono wake. Ila alipojifungua mtoto wa kike na kurudi kazini, alirudi mwili tu. Siku moja mchambua nguo alimwona ameweka pasi juu ya shati, ameikandamiza, anaitazama, na umeme hajauwasha. "Jamani, njooni mwone," akaita, "huyu anapiga pasi baridi." Jina likashika hapo hapo. Tangu siku hiyo akaitwa Pasi Baridi, hata na msimamizi.

Huyo mchambua nguo mwenyewe walimwita Kipaza, kwa sababu neno likiingia sikioni mwake halikulala humo. Kazi yake ilikuwa kupekua mifuko na kutenga nguo kwa rangi. Na kwa bahati mbaya ya Pasi Baridi, walikuwa majirani, ukuta mmoja tu kati yao.

Nyumbani kulikuwa kwa mama mkwe. Pasi Baridi na mumewe, fundi wa friji, walikuwa na chumba kimoja upande wa uani, na mama mkwe alikuwa na nyumba yote iliyobaki pamoja na maneno yote yaliyosemwa ndani yake. Mtoto alipozaliwa, mama yake alimwona analia akajua analia, kama unavyojua kwamba mvua inanyesha mtaa wa pili. Alimnyonyesha, akambadilisha nguo, akamlaza, na mikono ilifanya yote hayo peke yake. Kuchana nywele kulimshinda. Kuchagua kati ya kuoga na kukaa kulimchukua asubuhi nzima. Mama mkwe alipita mlangoni na fagio lake akasema, bila kumtazama, kwamba yeye amezaa na kuzaa na hakuwahi kupata nafasi ya kuchoka, ila wasichana wa siku hizi huzaa mara moja wakataka wauguzwe mwaka mzima.

Aliyegundua alikuwa muuguzi wa mizani, kule kliniki ya watoto. Alimpima mtoto, akasema ameongezeka vizuri, kisha akauliza, "Na wewe, mama?" Hilo tu. Machozi ya Pasi Baridi yakaanza kushuka yenyewe bila kwikwi, yakidondoka kwenye sahani ya mizani. Muuguzi aliifuta sahani kwa kiganja, akamshika mkono kama anavyoshikwa mtoto barabarani, akampeleka kwa daktari.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema ugonjwa huu unaitwa sonona, unawapata wengi waliojifungua, na si uvivu wala si laana. Kisha akamweleza dawa, taratibu. Si kama dawa ya kichwa, alisema, kwamba ukiumwa unameza na usipoumwa unaacha. Ni kidonge kila asubuhi, umeamka vizuri au umeamka vibaya. Majuma ya mwanzo huenda kichefuchefu kikamsumbua, mdomo ukakauka, na faida yoyote asiione; asikate tamaa. Ataendelea kumnyonyesha mwanawe, kwa sababu amemchagulia ile inayomfaa mama anayenyonyesha. "Na ukipata nafuu," alimalizia, "hapo ndipo usiache. Siku ya kuacha tutaacha pamoja, kidogo kidogo. Usiikate ghafla."

Hilo la mwisho Pasi Baridi alilielewa kuliko yote. Nguo ikiwa imelowa, doa halionekani. Anayefua kwa haraka hudhani limetoka, akaianika, na ikikauka doa liko pale pale linamtazama. Aliitikia kwa kichwa akaondoka na vidonge vyake, vimepangwa kwenye karatasi ya kung'aa, unakisukuma kimoja kinatokea upande wa pili.

Chumbani hapakuwa na pa kuvificha, kwa sababu fagio la mama mkwe lilifika kila mahali. Akawa anaiweka karatasi ile mfuko wa ndani wa ovaroli, anameza bombani kazini kabla ya kuwasha pasi. Kichefuchefu kilikuja kama alivyoambiwa. Faida haikuja, tena haikuja, mpaka akaanza kumeza kwa ubishi tu. Halafu asubuhi moja alisikia harufu ya wanga. Alisimama na shati mkononi akijiuliza ni tangu lini hakuwa amenusa kitu. Juma lililofuata mtoto alimng'ata pua kwa fizi, naye akacheka, na kicheko chake mwenyewe kikamshtua. Mumewe aliinua kichwa kutoka kwenye sahani. "Leo umekunywa nini?" akauliza, na yeye pia akacheka. Mama mkwe hakucheka. Alikitazama kicheko kile kama mtu anayetazama kitu kipya ndani ya nyumba, akitaka kujua kimenunuliwa na nani.

Nafuu ndiyo iliyomponza. Mtu aliyejaa hofu hukagua mifuko yake. Aliyeanza kuishi husahau. Mwisho wa juma alivua ovaroli akaitupa kwenye kapu la kufuliwa huku akimwaza mtoto ambaye siku hizo alikuwa anasimama kwa kushika viti.

Kesho yake saa ya chai msimamizi alitoa koponi kitana, akatoa kalamu, kisha akainua ile karatasi ya kung'aa. Aliisogeza mbali na macho, akalisoma jina la dawa kama anayetafuna kokoto, akauliza ni cha nani. Watu wakatazamana. Kipaza aliweka kikombe chini.

"Hivyo navijua," alisema. "Shemeji yangu alivimeza. Ni vya wale wanaoongea na ukuta."

Hapo kila mtu alikuwa na la kusema. Mmoja alitaka watu wasimame mstari waulizwe jina la mama zao, atakayekosea ndiye. Mwingine alisema wasihangaike, mwenye wazimu hajui kwamba ni wake. Pasi Baridi alishika kikombe kwa mikono miwili. Alimwona Kipaza anamtazama, tena kwa utulivu, na akaelewa: mifuko yote hupekuliwa na mkono mmoja, na mkono ule ulijua ilitoka ovaroli ipi. Kipaza alikuwa anangoja tu kuona kama atasimama. Hakusimama.

"Wazimu umekosa mwenyewe," alisema msimamizi. "Tuutie moto." Mlango wa boila ukafunguliwa ukafungwa.

Jioni mama mkwe alimpokea mlangoni, mtoto kiunoni, sauti tamu.

"Karibu, mkamwana. Pole na kazi."

"Asante, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mwanangu aliniambia ameoa mpiga pasi. Hakuniambia ameoa duka la dawa."

Pasi Baridi alinyoosha mikono kumchukua mtoto. Mama mkwe alirudi nyuma hatua moja. Alisema, kwa upole ule ule, kwamba maziwa yenye vidonge vya wazimu mjukuu wake hatayanyonya tena, maziwa ya dukani yapo, na atalala chumbani kwake. Mkwewe alijaribu kueleza kuwa daktari amesema dawa hiyo haimdhuru mtoto. Mama mkwe akamuuliza daktari huyo amemwona mara ngapi, kwa kuwa yeye mama mkwe anamwona kila siku na hajawahi kuhitaji cheti kujua anachokiona.

"Siku utakapoapa kwa kichwa cha mtoto huyu kwamba humezi tena," alisema, "njoo umchukue. Mimi si mtu mbaya."

Mumewe alikuwa amekaa uani na mota ya friji mapajani. Aliulizwa na mkewe atasema nini. Aligeuza bisibisi mara mbili tatu. "Mama ni mama," akajibu. "Mimi sitaki kuingia kati ya wanawake wawili."

Kumbe maziwa hayajui kuapa wala kugombana. Yalijaa kwa wakati wake. Mezani kwenye mvuke yalimtoka yakalowesha ovaroli mbele, madoa mawili ya mviringo, na Kipaza alipita na kapu lake akasema Pasi Baridi leo inavuja. Jioni alimsikia mwanawe nyuma ya mlango uliopigwa komeo, analia kilio anachokijua, kile cha kutaka titi, na mama mkwe anamwimbia kwa sauti kubwa kuliko kilio. Alivumilia siku chache. Kisha akaenda akapiga magoti mbele ya kiti cha mama mkwe, akaweka kiganja juu ya utosi wa mtoto, akaapa. Alipewa mtoto papo hapo. Mama mkwe hata alimpigapiga bega akamwita mwanangu.

Kliniki hakurudi. Vidonge vilikuwa vimeungua, basi akaona ni kama Mungu kamrahisishia.

Mwanzoni furaha ya kumbeba mwanawe ilifunika mambo. Ila alipogeuza macho upande, kitu kama cheche ya umeme kilimpita kichwani. Sakafu ilimtembea akiwa amesimama. Alitapika asubuhi mpaka mama mkwe akauliza, kwa matumaini, kama ni mimba. Cheche zikapungua, akadhani amevuka. Nyuma yake ukafuata ule uzito wa zamani, polepole, bila kelele, kama maji yanayopanda kwenye beseni lililosahauliwa chini ya bomba. Harufu ya wanga ikapotea tena. Alijua kinachokuja. Kujua hakukuzuia kitu.

Kazini aliunguza shati. Lilikuwa jeupe, la mteja wa miaka mingi, na aliiacha pasi juu ya kola huku anaitazama, safari hii ikiwa na umeme. Alama ilibaki kama kisigino cha ndala. Msimamizi alilitundika shati lile kwenye msumari mbele ya meza yake ili kila anayepita alione. Alisema angalau sasa pasi imepata moto, akamhamishia kwenye taulo, ambako hakuna kola na hakuna sifa. Kola akapewa msichana mgeni ambaye Pasi Baridi mwenyewe alimfundisha.

Na nyumbani, jioni moja, alikaa kitandani na mtoto yuko sakafuni, halafu mtoto hayuko tena pale alipokuwa. Alimwona anatambaa kuelekea mlango ulio wazi. Aliona, akataka kuinuka, na kati ya kutaka na kuinuka pakawa na umbali asioweza kuuvuka. Mama mkwe ndiye aliyemkuta mtoto uani, kando ya beseni, anatafuna kipande cha sabuni, povu mdomoni. Alimsafisha kinywa kwa kidole. Akaja naye mpaka mlangoni mwa chumba. Hakuwa na hasira. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi.

"Si nilisema?"

"Mama," alisema mkwewe, na kila neno lilikuwa gunia la kubebwa, "niliacha kama ulivyotaka. Ndiyo maana niko hivi."

"Ulikuwa hivi tangu mwanzo. Umeze, usimeze, wewe ndivyo ulivyo."

Komeo likapigwa tena, na safari hii hakuna aliyetaja kiapo.

Maneno yale Pasi Baridi aliyageuza kichwani siku nyingi huku anakunja taulo. Umeze, usimeze. Aliyageuza kama nguo unayotafuta upande wake wa mbele, mpaka akaupata. Kama akimeza ni mwendawazimu na asipomeza ni mwendawazimu, basi kwa mama mkwe hapana cha kupata. Lakini kwa mtoto kipo. Yule anayemeza anaweza kuinuka kitandani. Yule asiyemeza alimwona mwanawe anakwenda kula sabuni, akakaa.

Alirudi kliniki akitazamia kugombezwa. Daktari hakumgombeza. Alimuuliza kama imewahi kumjia kutamani asiamke, naye akasema ndiyo, na lilikuwa neno la kwanza la kweli alilolisema kwa muda mrefu. Daktari alisogeza kiti karibu. Alimwambia wazo hilo likirudi asilale nalo, aje moja kwa moja, asingoje siku ya kliniki. Kisha wakaanza upya, dozi ndogo kwanza. "Sitakudanganya," alisema, "utangoja tena kama mara ya kwanza." Pasi Baridi akajibu kwamba kungoja amejifunza.

Safari hii hakuamini mfuko. Alificha karatasi ndani ya mkono wa koti la mumewe la harusi, linaloning'inia kabatini na halivaliwi. Alimeza kila asubuhi kabla hajatoka. Kichefuchefu kikaja, kikapungua. Taulo zikaanza kuwa nyepesi. Alipopata ruhusa ya kumwona mtoto uani, alimwona hasa, akagundua kuwa ameota jino ambalo hakuna aliyemwambia.

Siku moja aliingiza mkono kwenye koti akakuta kitambaa kitupu. Alilipekua kabati lote. Nje mama mkwe alikuwa anafagia, akiimba. Ilibidi aondoke bila kumeza.

Saa ya chai Kipaza alimmiminia yeye kwanza, jambo ambalo halijawahi kutokea, akamsukumia na sukari. Hapo Pasi Baridi alijua karatasi imevuka ukuta gani na iko wapi hata kabla kopo halijashuka. Msimamizi alitoa funguo. Alitoa tiketi. Akainua ile ya kung'aa, nusu imetumika.

"Nyingine tena," alisema. "Kumbe wazimu unazaa. Cha nani?"

Wakacheka. Kipaza hakucheka, alikuwa amekaa mkao wa kusikiliza. Pasi Baridi alijua hesabu ilivyo. Akisimama, kabla ya jua kuzama mama mkwe atakuwa ameletewa na Kipaza ukiri wa mkwewe mwenyewe kwamba kiapo cha kichwa cha mtoto kimevunjwa. Asiposimama, kinakwenda motoni, na baada ya majuma machache itakuwa tena kitanda, mlango ulio wazi, na mtoto anayetambaa. Fundi wa boila alikuwa ameshashika mpini wa mlango.

Alisimama.

"Changu."

Desturi ilitaka mzaha, na mzaha haukuja. Walikuwa wamejiandaa kumcheka mtu asiyekuwapo. Msimamizi aliishikilia karatasi, akauliza cha nini.

"Cha sonona. Nameza kila asubuhi. Nikiacha naunguza mashati yako."

Fundi wa boila alicheka peke yake, akauachia mpini wa mlango. Pasi Baridi alienda mbele, akaichukua karatasi mkononi mwa msimamizi, akasukuma kidonge kimoja, akakimeza kwa chai aliyomiminiwa na Kipaza. Kisha akamrudishia Kipaza kikombe, akamshukuru kwa sukari.

"Umemaliza?" alisema msimamizi. "Rudi kwenye taulo." Shati lenye kisigino cha ndala lilibaki kwenye msumari wake.

Nyumbani alikuta nguo za mtoto zimekwisha ondolewa chumbani, na beseni lake, na kanga ya kumfungia mgongoni. Mama mkwe alikuwa kitini. Alisema aliyeapa kwa kichwa cha mtoto akavunja amemuuza mtoto, na kwamba mjukuu huyo hatamrudia maadamu yeye bibi yu hai. Fundi wa friji alinong'ona kuwa mkewe angevumilia kidogo tu, mama angepoa. Mkewe alimtazama kama kola ambayo hata wanga hautaisimamisha.

"Mama," akasema kwa mama mkwe, "mtoto umemchukua. Kidonge hutakichukua. Kuanzia kesho nitakimezea hapa hapa uani, usihangaike kupekua koti."

Na ndivyo alivyofanya. Kila asubuhi hutoka chumbani na kikombe cha maji, nywele zimechanwa, ovaroli imepigwa pasi, akasimama hatua chache kutoka kwenye kiti cha mama mkwe. Husalimia. Husukuma kidonge, hufungua mdomo, humeza, hunywa maji yote. Mtoto yuko mapajani mwa bibi yake, anamtazama. Siku za mwanzo alificha uso kwenye kifua cha bibi, kama mbele ya mgeni, na hilo lilikuwa gumu kumeza kuliko kidonge. Akawa anakwenda kazini na uso ule uliofichwa.

Juzi, mama alipofungua mdomo wake, mtoto naye alifungua wake, jino moja likaonekana. Mama mkwe alimshika kidevu akamgeuzia ukutani.

Jana mtoto akafungua tena.